Mama Diskaunti na Bei ya Kwanza

Kama ulinunua gari mpya Eldoret miaka ya kabla ya ile vita ya kura, na ulikuwa mtu wa Kapseret ama Ziwa ama kule Moi's Bridge kwenye mahindi, kuna mama fulani ulienda naye. Hukuenda na fundi. Fundi ni wa gari nzee. Gari mpya haina ugonjwa mwingine isipokuwa bei, na daktari wa huo ugonjwa alikuwa huyo mama.

Kwa showroom tulimwita Mama Diskaunti. Si mbele yake. Mbele yake tulisema Mama, na tulisema tukiwa tumesimama wima.

Mimi nilikuwa mwosha magari pale. Bosi aliniitanga asistanti wa yadi, jina kubwa la mtu mwenye ndoo na kitambaa. Shule niliacha form two, ama yenyewe ndiyo iliniacha, tuliachana vizuri tu bila kugombana. Lakini kuendesha nilijua, na nilikuwa nimepanga chumba Kapseret karibu na boma ya huyo mama, kwa hivyo nilimwona pande zote mbili. Nilimwona showroom akiwakausha watu wa tai, na nilimwona nyumbani akiimbia ng'ombe mkaidi ndio ikubali kukamuliwa.

Siwezi kumsimulia bila kumtaja Ndirangu. Ndirangu ndiye alikuwa muuzaji wetu mkubwa, mtu mrefu wa shati nyeupe, akiongea pole pole kama mtu anakuambia siri. Hao wawili walipigana juu ya bei kwa miaka, na walipendana sana. Ndirangu alikufa kwa barabara ya kwetu siku chache baada ya kura ya elfu mbili na saba, huyo mama akiwa hatua kidogo tu kutoka kwake. Mke wa Ndirangu aliambiwa kwamba mama alijaribu kumwokoa, na hiyo ni kweli. Vile alijaribu hakuambiwa. Kila Krismasi alikuwa anapiga simu kumshukuru, na mama alikuwa anazeeka na hiyo shukrani kwa tumbo, akijua kuna siku lazima atamwambia.

Lakini wacha kwanza umwone akifanya kazi.

Anafika asubuhi na mwenye pesa. Huyo mwenye pesa ameshapewa masharti kwa njia. Haongei. Hata akiulizwa jina anaangalia mama kwanza. "Wewe hapo ndani ni kama maiti kwa matanga," alikuwa akiwaambia. "Ni siku yako, lakini si wewe unaongea."

Na hakuna kuchekea gari. Kuna mzee wa Ziwa alitoka na yeye mpaka town, maskini ya Mungu, ameuza mahindi yake yote, akaona pikapu nyeupe niliyokuwa nimetoka kuosha, mkono ukamponyoka akaishika kwa boneti kama vile unashika ndama. Mama alimrudisha nyumbani siku hiyo hiyo. "Umeshanunua na mkono," akamwambia. "Mimi nitasema nini sasa?" Walirudi wiki iliyofuata, mzee ameweka mikono kwa mfuko ya koti, anaangalia dari.

Mama mwenyewe hakuwa anaanza na gari. Anaanza na mvua. Halafu mahindi, halafu ugonjwa wa miguu wa ng'ombe, halafu anatoa thermos kwa kikapu na kumwagia Ndirangu chai, kwa ofisi ya Ndirangu, kama yeye ndiye mgeni.

"Mama, bei ya hii pikapu ni hii imeandikwa hapa," Ndirangu anasema.

"Nimeona. Maandishi ni mazuri. Nani aliandika?"

"Ni kampuni."

"Mwambie kampuni chai imebaki."

"Mama, hapo sina kitu naweza toa, kweli."

"Nani amesema utoe? Mimi nauliza tu. Hii gari inatembea bila carpet?"

"Carpet ni ya kununua kando."

"Na mtu akiingia na matope?"

"Apanguse miguu."

"Matope ya Kapseret?" mama anamwuliza, na mwenye pesa anasahau masharti, anacheka, anapigwa jicho, ananyamaza.

Wanaenda hivyo. Carpet, turubai, tairi ya spea, service ya kwanza, tangi ijae. Na Ndirangu anasimama pale amekunja mdomo upande mmoja, kicheko kidogo cha mtu anajua anaibiwa na anaona mwizi ana kipaji.

Halafu inafika ile sehemu yenye ilinipatia mimi kazi. Mama anafunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja, anasema, "Basi kaeni na gari yenu," anampa Ndirangu mgongo na anatoka. Haendi haraka. Anatembea kama mtu ako na safari ndefu na hataki kuchoka mapema. Hageuki. Kutoka ofisini mpaka geti ni mbali kiasi, na hapo katikati ndipo magari yaliuzwa, kwa sababu Ndirangu alikuwa anavumilia, anavumilia, halafu ananiambia, "Kimbia umrudishe."

Nakimbia. Namkuta karibu na geti.

"Mama, anakuita."

"Amesimama ama amekaa?"

"Bado amekaa."

"Basi mimi bado natembea."

Sikumbuki siku hata moja hakuitwa. Nafikiri hata yeye hakuwa anakumbuka.

Sasa huyo mtu, aliyenunulia nusu ya tarafa magari, hakujua kuendesha. Kijana wake alijaribu kumfundisha, mama akashika stering, gari ikaruka kidogo, akazima, akashuka, akasema mambo yake kwa gari inaisha kwa bei, hiyo nyingine ni ya wanaume na wazimu. Ukimbeba alikuwa anashika dashboard na mikono miwili na kuomba kwa Kinandi. Mwendo wa trekta tu, na yeye anaomba.

Kwa soko alikuwa anamkaba mwanamke wa nyanya mpaka unamwonea huruma huyo mwanamke, halafu akishashusha bei anakaa naye kwa gunia, anamnunulia chai na mandazi ya pesa nyingi kuliko ile amemshusha. Nikamwuliza, mama, hapo umeokoa nini? Akaniangalia vile mwalimu wangu wa hesabu alikuwa akiniangalia. "Bei ni bei," akasema. "Chai ni chai. Usichanganye." Na kwa harambee ya kanisa alikuwa anaingiza mkono kwa mkoba bila kuangalia na kutoa chenye kimeshikika.

Mimi aliniita Mtu wa Samaki, kwa sababu kwetu ni kando ya Lake Victoria. Nilimwambia mimi samaki nimekula Eldoret kuliko nyumbani. Haikusaidia.

Huyo ndiye mama wa kwanza. Kulikuwa na wa pili, ndani ya mtu huyo huyo.

Wa pili alikuwa analipa bei ya kwanza. Hali ilipotulia, watu wakaanza kurudi sokoni, tukamwona anauliza bei ya viatu vya mtumba. Muuzaji akataja ile bei ya juu, ile ya kuanzia tu, yenye hata yeye haamini. Mama akalipa. Muuzaji alibaki ameshika pesa kama mtu ameshikishwa mtoto wa wenyewe. "Mama, si useme kitu," akamwambia, karibu amkasirikie. Mama alikuwa ameshaenda.

Watu walidhani ni ujanja mpya. Kuna mzee alimchukua tena kununua lori, wakaja kwetu, muuzaji mgeni akataja bei, kimya. Mzee akangoja. Muuzaji akangoja. Mimi nje na kitambaa changu nikaacha kupangusa.

"Lipa," mama akasema.

Mzee akatabasamu, akijua hapo kuna mtego unakuja.

"Lipa, mzee. Mtu akikuambia bei, lipa."

Huyo mzee alirudi nyumbani bila lori na akatangaza. Hakuna mtu alimchukua tena. Madalali wa ng'ombe wakajua, siku ya soko Ziwa wakawa wanakimbia kumlaki, kila mtu na mtamba wake mgonjwa na bei ya mtamba mzima. Analipa. Vijana wake walifika mahali pa kuficha mkoba. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ameokoka ile ya kupita kiasi. Mimi nilijua, na nilinyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza, hata kanisani nimewahi kufukuzwa.

Ilikuwa hivi. Matokeo ya kura yalikuwa yametangazwa, na kutoka boma ya mama ungeona moshi pande tatu. Ndirangu alikuwa amepanga nyumba upande wa airport. Mke wake na mtoto walikuwa wameenda kwao Nakuru kwa Krismasi, yeye akabaki kwa sababu ya kazi. Watu wa kabila lake ndio walikuwa wanawindwa. Alijifungia ndani, halafu akapigia mama simu. Si polisi. Mama.

Mama alikuja kwa mlango wangu na ufunguo wa pikapu yake ya maziwa. Hiyo pikapu alikuwa ameinunua kwa Ndirangu mwenyewe.

"Mtu wa Samaki, wewe unajua kuendesha, mimi sijui. Twende tumchukue huyo mtoto wa watu."

Tulimchukua. Tulimlaza nyuma katikati ya mikebe ya maziwa, tukafunika turubai. Mpango ulikuwa kumfikisha town kwa kanisa kubwa, watu wengi walikuwa wamekimbilia huko. Njia nzima mama ameshika dashboard anaomba, na mara hiyo sikumcheka, nilikuwa naomba na yeye, hata Kinandi sijui.

Walikuwa wameangusha mti wa blue gum kwa barabara. Vijana wengi, mishale, panga, wengine wamejipaka tope usoni. Lakini tope si kitu kwa mtu amekuona ukikua. Mama aliwajua karibu wote. Mkubwa wao alikuwa kijana wa jirani, mtu wa kwaya, na trekta ya babake ni mama aliongea bei.

Waliangalia kitambulisho changu kwanza. Mmoja akasoma jina, akasema, "Huyu ni wa Lake Victoria, si hao tunatafuta, wacha akae." Hiyo ndiyo mtihani pekee nimewahi kupita bila kusoma. Halafu wakafunua turubai.

Walimshusha Ndirangu, wakamkalisha chini kando ya ule mti, wakamvua viatu. Mama akashuka. Alishuka pole pole, akanyoosha sketi.

"Mama, huyo anabaki," yule kijana akasema.

"Chamgei kwanza. Tusalimiane."

"Chamgei, mama. Huyo anabaki."

"Trekta ya babako nani alinunua?"

"Ni wewe, mama."

"Na leo unanifungia barabara."

"Si wewe tumefungia."

Akauliza baba yake hajambo. Akauliza ile ng'ombe yao ya madoadoa ilizaa. Kijana akajibu, ee ilizaa, ndama ni dume. Ukisikia hayo maneno bila kuona panga ungesema ni watu wamekutana kwa kisima. Mimi nilianza kupumua. Nilijua mahali mama anaenda, nilikuwa nimemwona akienda huko mara nyingi.

"Sasa mnataka nini?" akauliza.

Wakajadiliana kidogo kwa pembeni. Kijana akarudi. "Wacha pikapu, mama. Tunataka gari ya kubeba watu. Utembee na huyo wako mpaka mnaenda. Hatutawafuata."

Hiyo ndiyo bei. Ilisemwa wazi, na nikaisikia, na mkono wangu ulikuwa umeshaenda kwa ufunguo kuzima injini.

"Pikapu?" mama akasema. "Pikapu ya maziwa? Hiyo ni mingi. Nitawapa simu, na pesa iko kwa mkoba, na dume moja mkuje mchukue nyumbani."

"Gari, mama."

"Dume mbili."

"Gari. Tutakurudishia jioni."

Hapo ndipo mambo iliharibika, na ukimjua utaelewa. Bei ilikuwa imeanza kushuka. Gari imekuwa ya kuazima. Na huyo mama, bei ikianza kushuka, hakuwahi katika maisha yake kusimama hapo. Aliniambia baadaye alifikiria hivi: wakiona vile namtaka, watajua ni kitu cha maana, na watamfanya kitu. Lazima waone simtaki sana. Hivyo ndivyo alikuwa ameokoa watu wengi pesa, na hivyo ndivyo alitaka kumwokoa mtu.

Akafunga vifungo vya sweta. Kimoja kimoja.

"Basi kaeni naye," akasema. "Mimi naenda na maziwa yangu."

Akageuka, akaanza kuja kwa gari. Ule mwendo. Hakuangalia nyuma. Nilimwona kwa kioo cha kando, na nyuma yake nikamwona yule kijana akiinua mkono na kufungua mdomo. Mpaka leo naamini alikuwa anataka kumwita. Mpaka leo.

Lori ilitokea upande wa pili wa mti. Ilikuwa imebeba watu wa mbali, sio wa kwetu, na walikuwa na mwenzao amelala pale ndani, amepigwa risasi town, ameshakufa. Hao hawakujua mama. Babao hakununuliwa trekta na mtu. Waliruka chini, wakamwona Ndirangu ameketi bila viatu, na hawakuuliza kitu, wala hawakutaja bei.

Mkono wa mama ulikuwa kwa mlango wa pikapu. Aligeuka akisikia. Sitaandika alichoona. Yule kijana wa kwaya ndiye alikuja akamsukuma ndani na kuniambia, "Mtoe. Mtoe huyu mama hapa." Alikuwa analia. Nilipita kando kando ya mtaro, mikebe ikimwagika, na mama hakushika dashboard.

Tulimpata Ndirangu mochari wakati barabara zilifunguliwa. Mke wake alikuja kumchukua na gari ya ndugu yake, wakamzika huko kwao, na hapo ndipo mtu alimwambia kuna mama mzee wa Kapseret alimficha kwa pikapu yake na akaongea na wale vijana mpaka mwisho. Kwa hivyo akaanza kupiga simu.

Nilikuwa hapo Krismasi moja. Mama aliweka simu kwa meza, akaifungulia sauti, hakuishika na mkono.

"Mama, ni mke wa Ndirangu. Nakushukuru tena."

"Ee."

"Wengine walifunga milango. Wewe ulijaribu."

"Ee."

"Mungu akuweke."

"Ee, mama. Na mtoto?"

Baada ya hapo hakukula. Nyama ilikuwa imepikwa, vijana wamekuja kutoka Nairobi na wake zao, na yeye amekaa tu anatoa nyuzi kwa kitambaa cha meza. Nikamwambia, mama, si umwambie. Akaniuliza, "Nimwambie waliniuzia bwana yake nikasema bei ni kubwa?" Sikuwa na mzaha wa kuweka hapo. Nilitafuta, kusema ukweli. Hiyo ni tabia yangu mbaya, natafutanga.

Miaka ikaenda. Yule wa kwaya alihama, sijui wapi. Mimi nilipandishwa cheo nikawa wa kutembeza magari na wateja, yaani sasa naketi kwenye kiti nilichokuwa napangusa. Mama akaanza kutembea na fimbo.

Halafu mwaka jana mke wa Ndirangu akanipigia simu. Analima viazi huko Njoro, amefanikiwa, anataka pikapu mpya, na hataki kununua Nakuru. Anataka kununua pale bwana yake alikuwa akiuza, na anataka yule mama amwongelee bei.

Nilienda kumwambia mama nikitumaini atakataa. Alikuwa anapukuchua mahindi. Aliendelea mpaka akamaliza ile bunzi.

"Nitakuja," akasema. "Hiyo siku nitamwambia."

Nilimbeba mwenyewe. Hakuomba kwa njia, alikaa tu.

Walisalimiana kwa kukumbatiana, yaani yule mwingine alimkumbatia, mama akakubali kukumbatiwa. Mke wa Ndirangu ni mwanamke mnene mchangamfu, ameanza kuota mvi kidogo. Tulikaa kwa ofisi, ile ile, meza tu ndiyo wamebadilisha. Muuzaji wa siku hizi ni kijana mpole wa tai, hatumii karatasi, anagusa gusa kioo na kidole. Akamwonyesha mke wa Ndirangu pikapu, akataja bei kwa heshima.

"Haya, mama," mke wa Ndirangu akasema, na alikuwa anatabasamu. "Anza. Mzee wangu alikuwa akija nyumbani jioni anasema leo nimekutana na Mama, nimebaki mifupa."

Mama aliangalia fimbo yake.

"Waliniambia bei," akasema.

"Nani?"

"Wale wa barabara. Siku ya bwana yako. Niliwauliza wanataka nini, wakaniambia."

Yule kijana wa tai alitaka kuinuka atoke. Hakuna mtu alimwangalia, akarudi akakaa.

"Walitaka nini?" mke wa Ndirangu akauliza.

"Pikapu."

"Pikapu yako?"

"Ilikuwa hapo hapo. Ufunguo ulikuwa ndani."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema hiyo ni mingi."

Nje kuna mtu alikuwa anaosha gari, nilisikia maji. Mama akaendelea, sauti ya chini lakini bila kusimama, akasema yote. Dume moja, dume mbili, tutarudisha jioni. Kufunga sweta. Kuondoka ndio aitwe. Lori. Hakujitetea mahali popote, na hakusema pole, nafikiri aliona pole ni neno dogo la kumlipa mtu nalo.

Mke wa Ndirangu alikuwa ameacha kutabasamu zamani.

"Alikuwa anakuangalia?" akauliza. "Ukienda?"

"Sijui. Nilikuwa nimempa mgongo."

Akanigeukia. "Ni wewe ulikuwa kwa stering."

"Ni mimi."

"Uliona uso wake?"

Niliona. Nilikuwa nimeona kwa kioo, na hakuna mtu aliwahi kuniuliza. "Alikuwa amekunja mdomo upande mmoja," nikasema. "Vile alikuwa akifanya hapa ofisini mama akianza kutoka. Aliijua hiyo njia yake. Hakuogopa, shemeji. Alikuwa anangoja tu waite."

Hata mama alikuwa hajui hiyo. Alitoa sauti ndogo, kama mtu amechomwa na sindano, akafunika mdomo na kiganja. Nikaona nimefanya vibaya, ama vizuri, mpaka sasa sijaamua.

Mke wa Ndirangu alipangusa macho na kidole kimoja, huku na huku. Akajiweka sawa kwa kiti. Sauti ilikuwa kavu.

"Sasa, mama," akasema. "Niongelee bei."

Mama alimwangalia kuona kama ni kweli anamaanisha. Ilikuwa kweli. Akageukia yule kijana. Nilingoja mvua, nilingoja ng'ombe. Hakukuwa na kitu cha hivyo.

"Kijana," akasema, "tafadhali. Nakuomba umpunguzie huyu."

"Mama, bei iko kwa system. Mimi hapa sina uwezo."

"Najua huna. Nakuomba tu."

"Pole, mama. Kweli haiwezekani."

"Nakuomba, mtoto wangu. Hata kama ni kidogo sana. Nakuomba."

Miaka yote niliyomjua, hata siku ile ya barabara, hilo neno nakuomba sikuwa nimelisikia kwa mdomo wake. Alilisema tena, na tena, ameshika ukingo wa meza na mikono miwili. Kijana wa tai akaniangalia mimi, nikaangalia dirisha. Akamwangalia mke wa Ndirangu, amwambie mama imetosha.

Mke wa Ndirangu alikuwa amekunja mikono, anasikiliza. Hakumzuia.